Mvua ya Masuyo

Mimi nilichora nyumba, yeye alichora mvua.
Ndiyo kazi tuliyogawiwa, ghorofa ya pili,
mtaa wa Nerima, juu ya duka la tofu,
wanne katika chumba cha mikeka sita,
bwana mchoraji akilala chini ya meza
na kalamu bado sikioni.

Jumatano ilikuwa siku ya mhariri.
Alikaa kizingitini na saa yake,
hasemi, anakohoa tu.
Kurasa kumi na tisa, wino haujakauka,
Masuyo Inagaki anaupuliza
kama mtu apozaye uji wa mtoto.

Mvua yake ilikuwa na mwendo mmoja:
kutoka bega la kulia la ukurasa
ikishuka kushoto, mshazari,
mistari mia nne kwa rula ya mwanzi,
na kila mstari ukiishia kwenye ncha
nyembamba kuliko unywele.
"Mvua haianguki," aliniambia, "inakatika."
Sikumwelewa. Nilikuwa na madirisha ya kuhesabu.

Alitoka Osaka, mtoto wa vita.
Kusoma alijifunzia duka la kukodisha vitabu,
yeni kumi kwa siku mbili,
karatasi mbovu, wino mwekundu, harufu ya samaki,
kurasa zilizopita mikono ya watu wa viwandani
hadi pembe zikawa laini kama ndewe la sikio.
Sisi tuliziita manga, na wazazi waliziita uchafu.
"Nilimaliza hadithi," alisema,
"ndipo nikakumbuka sijala."

Majarida yetu yaliuzwa kwa mamilioni
na kutupwa kwa mamilioni.
Mtu hununua stesheni, husoma akining'inia ndani ya treni,
huliacha kwenye rafu ya mizigo, hushuka.
Kisha hupita lori lenye kipaza sauti:
leteni karatasi kuukuu, mpewe za chooni!
Siku moja lilipita chini ya dirisha letu.
Wiki nzima ya mvua, Masuyo, inakwenda wapi hiyo!
Tulicheka hadi bwana akaamka.
Yeye naye alicheka. Kisha akachovya kalamu.

Jina lake halikuchapwa popote.
Langu pia halikuchapwa, lakini nyumba zangu
zilikuwa nyumba tu.

Sasa nasikia tunasomwa kila mahali.
Wafaransa mwanzoni walituchapa kinyume:
wao huanzia kushoto, sisi kulia,
basi kila picha wakaipindua kama ya kwenye kioo.
Wapiga panga wetu wote wakawa mashoto.
Mioyo ikahamia upande wa kulia wa vifua.
Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Mjukuu wangu Haruomi ndiye aliyeniletea kitabu
cha mwanamke wa Nantes, Maëlle Kergoat,
habari za mama yake, mkagua tiketi kwenye tramu.
Hamna panga, hamna roboti.
Ukurasa wa thelathini na moja
tramu imesimama, na mvua inanyesha.

Nilikipeleka Saitama, kwenye nyumba ya wazee.
Ana miaka themanini na minane, mkono wa kulia hautulii.
Alikitazama mpaka chai ikapoa.
Akaweka kidole juu ya mstari mmoja,
akaufuata: kutoka bega la kushoto,
kushuka kulia,
hadi pale unapokatika.
"Hii ni yangu," akasema. "Imetokea upande wa pili."

Nadhani ilikuwa hivi: mtoto wa miaka tisa,
penseli, taa, zile kurasa zilizopinduliwa,
ananakili asichojua ni cha nani.
Nilitaka kumwambia Masuyo jambo kubwa,
nilikuwa nimeliandaa njia nzima ndani ya treni.

Yeye alikuwa bado kwenye ukurasa uleule.
"Anabonyeza sana mwanzoni," akasema.
"Ataacha."
Kisha akaniuliza kama huko Nantes mvua ni nyingi.
Nikamjibu sijui.
"Ni nyingi," akasema,
akakifunga kitabu, akaweka kikombe juu yake.