Malai kwenye Ampilifaya

Mara ya kwanza niliandika: "Nimeipima. Nzima."
Mara ya pili: "Nzima." Tarehe, sahihi, elfu mbili ya kufungua.
Mara ya tatu Shaame Mbwana alipoishusha kwenye baskeli,
imefungwa kanga ya mkewe isiingie vumbi,
hakunitazama usoni.

"Alfajiri inakata," alisema.
"Nikifika kwenye Hayya tu, sauti inabaki kooni mwangu.
Ukiiwasha hapa itasema. Naijua. Itaniaibisha tena."

Nikaiwasha. Ikasema.
Moja, mbili, tatu, hadi watoto wa skuli wakacheka njiani,
na spika yangu ya majaribio ikamkana kwa sauti safi
kama shahidi aliyelipwa.

Kule Gando wanasema ni usingizi,
naye anausingizia umeme.
Kamati imekaa mara mbili juu yake,
na mkononi mwao wana karatasi yangu: Nzima, nzima.

Kitu kilichokufa moja kwa moja ni rafiki wa fundi:
fyuzi imeungua, unaiona nyeusi, unabadilisha, unalipwa.
Lakini hiki kinachougua faraghani
na kupata afya mbele za watu!
Nimeona redio zilizotulia kwa kofi,
televisheni iliyorudisha rangi nilipotaja bei,
friji ya muuza samaki iliyoacha kutetema
siku niliyofika na mita.
Watu husema, "Fundi, una mkono."
Sina mkono. Sijagusa kitu.
Kilichojiponya hakijapona. Kimenyamaza,
kinasubiri niondoke.

Usiku ule niliacha kujiuliza ina nini.
Nikajiuliza: inapokufa, iko wapi? Saa ngapi?
Kuna kipupwe. Kuna mabati yanayotona umande,
na dirisha la kaskazini lisilo kioo.
Na kwangu inafikaje?
Saa sita mchana, mgongoni mwa baskeli,
imeokwa na jua lote la Gando hadi Wete.

Asubuhi nikamwendea Bi Mize, jirani,
nikanunua malai tatu za ukwaju.
Moja nikaifyonza. Mbili nikazifunga nailoni juu ya nailoni,
nikaanza kuikanda saketi kwa baridi, kiungo kwa kiungo.
Kwenye transista kubwa: inasema.
Kwenye kapasita: inasema.
Pembeni, nyuma ya soketi ya maikrofoni:

kimya.

Nikaondoa malai, nikahesabu. Thelathini na moja, sauti ikarudi.
Nikaibandika tena. Kimya.
Nilipiga kigelegele peke yangu dukani, mwanamume mzima,
maji ya ukwaju yakinitiririka hadi kwenye kiwiko.

Chini ya lenzi, kuzunguka tone moja la risasi,
palikuwa na ufa mwembamba kama mwezi mwandamo,
ule anaouona mtu mmoja pekee
na wenziwe wakaona mawingu,
kisha wakamuuliza: "Ulikuwa na nani?"

Nikaliyeyusha tone, nikaongeza risasi mpya, nikapuliza.
Fedha sikupokea.
Nikafungua daftari nizifute zile "Nzima" mbili.
Sikuzifuta. Nilizipiga mstari mmoja, zisomeke bado,
na pembeni nikaandika:
"Shaame alisema kweli. Mimi sikuwapo."
Nikaichana kurasa, nikampa aipeleke kwenye kamati.

Leo ni siku ya kumi na nane.
Huamka kabla ya wakati, nikatega sikio,
nami najua Gando ni mbali, sauti yake haifiki Wete.
Huenda ule ufa ndio wenyewe.
Huenda una nduguye, amekaa kimya pembe nyingine,
ananijua.
Baridi ya leo imezidi. Mke wangu amevuta shuka lote.
Simu iko kifuani mwangu.
Haijalia.