Kisu cha Viazi

Jumatatu, Jumatano, Alhamisi,
saa tatu asubuhi hadi saa sita,
nakaa kwenye kiti cha plastiki, ghorofani,
juu ya lililokuwa duka la viatu, hapa Duluth.
Ngazi bado zinanuka ngozi na gundi.
Saa sita na dakika tano narudishwa kwako, Orrin,
kama kitabu cha maktaba
ambacho hakuna aliyemaliza kukisoma.

Nilidhani kuugua huku kuna lango:
unaingia, linafungwa, watu wanakuletea uji,
unatoka umepona, au hutoki.
Daktari akasema, "Utalala kwako,"
akalisema kama zawadi.
Kwangu ndiko nilikovunjikia:
sinki lile lile, ngazi zile za kushukia ghalani,
saa ya mama inayochelewa dakika kumi na moja
na hakuna anayethubutu kuirekebisha.

Ulivifunga visu vyote ndani ya taulo,
ukavitia kwenye sanduku la zana, nyuma ya pikapu.
Vidonge ukavihesabu usiku, ukidhani nimelala,
midomo ikikutembea kama mtu anayesali.
Mkate tuliumega kwa mikono.
Tulicheka mara moja tu,
siku ulipoikata nyama ya kulungu
kwa mkasi wa kukatia bati.

Kila asubuhi Verna huuliza:
sifuri hadi kumi, uko wapi?
Leland, aliyepakia chuma melini miaka thelathini,
hujibu "mbili" bila haya,
kama anataja bei ya misumari.
Pa Kou, mwanafunzi, kucha kazila hadi nyama,
husema nne, halafu: samahani, tatu.
Mimi husema sita.
Sita ni namba ya adabu. Haiombi kitu.
Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na miwili,
namjua mtoto anayesema sijambo
huku viatu vimejaa maji.

Kazi ya nyumbani (mimi, na mvi hizi!):
andika wazo, kando yake andika ushahidi.
Nikaandika: Mimi ni mzigo.
Ushahidi: pikapu inayogongana visu
kila inapopanda kilima cha kuja kwetu.
Nikasoma kwa sauti.
Verna akafungua mdomo, lakini Leland akamtangulia:
"Kwangu mimi hakuna aliyeficha hata uma."
Kisha mabomba ya joto yakagonga ukutani
na sote tukayasikiliza kana kwamba yana hoja.

Siku ya pili nikasema tatu.
Verna akaandika tatu.
Hivyo tu, kama mtu anayeandika idadi ya maziwa.

Wiki ya sita, Jumatano, theluji ya Aprili,
theluji nzito, chafu, isiyo na haraka.
Uliingia na buti zako, ukachafua sakafu,
ukaweka mezani kisu kimoja,
kile kidogo, mpini umezungushiwa utepe wa fundi umeme.
Hukusema neno.
Ukaenda kunawa mikono, ukanawa muda mrefu,
bomba likimwaga maji kwa nguvu,
nikajua hunawi.

Nikamenya viazi vinne.
Ganda la kwanza nene, la woga.
La nne likashuka refu, halikukatika.
Ulirudi, ukatazama viazi,
ukatazama mikono yangu, ukarudi kwenye viazi.
"Leo ngapi?"
Sikutaka kukupa namba ya adabu.
"Nne," nikasema. "Na nusu, ukiongeza chumvi."

Baada ya kula nilikiosha, nikakikausha,
nikakurudishia, mpini mbele.
Hukukataa. Nami sikuudhika.
Ulitoka nje bila koti,
nikasikia sanduku la zana likifungwa.
Kesho ni Alhamisi.