Swichi Nyuma ya Pazia

Alikuja Borgolento juu ya trekta la kukodi,
jekundu, tope lake limepakwa asubuhi ile ile
na vijana wawili wa kampeni, kwa brashi.
Niliwaona. Naishi ng'ambo ya karakana.

"Mimi mgeni," aliuambia ukumbi,
"mgeni wa siasa. Milango yao siijui,
mezani pao sijala."
Watu wakapiga miguu sakafuni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na wenyeji tulikuwa wagonjwa kweli:
maziwa senti thelathini na mbili lita,
wodi ya uzazi imetiwa kufuli,
Katia wangu amejifungulia ndani ya gari
kwenye barabara ya Mantova, ukungu mtupu.

Jumba hili la manispaa nimelifagia miaka arobaini na moja.
Nilisimama mlangoni, funguo kiunoni,
nikimtazama kisogo.

Ndipo vipaza sauti vikaushinda umeme.
Giza.
Mtoto akalia. Meya akajigonga kwenye kiti chake mwenyewe.
Mimi nikapapasa tochi.

Yeye hakupapasa kitu.
Nilisikia viatu vyake vikishuka jukwaani,
vikakiruka kidato cha tatu, kile kilichooza,
vikafuata ukuta hatua kumi na moja,
pete za pazia zikalia,
kisha swichi: tak.

Mwanga. Makofi.
"Mnaona?" akacheka. "Hao huwaacha gizani."

Macho yetu yakakutana.
Nikamwona ana miaka sita, soksi nyeupe,
kajibanza nyuma ya pazia lile lile
baba yake akigawana zabuni za mifereji na wakubwa wa Roma,
nami nampa biskuti anyamaze.
Ludovico. Ludo mdogo.
Akanikonyeza.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa.
Lakini aliyesema hivyo hakutuambia
utaivuaje nguo, na wakati ni baridi,
na huna nyingine.

Jumapili nilishika penseli ndani ya kibanda cha kura
hadi msimamizi akakohoa.
Nilichora wapi, sisemi.

Jumatatu nilikuja mapema na msumeno,
nikakitengeneza kidato cha tatu.
Mbao mpya, ya mwaloni.
Nimekiinua sentimita mbili
kupita vingine.