Neno Sikwambii

Mashine ililetwa Jumatatu moja,
ndogo kuliko kopo langu la hiliki.
Mundhiri, mtoto wa dada yangu, akaiweka kando ya mizani:
Mama Mdogo, hapa Sib watu hawatembei tena na noti.
Wanagusa tu, basi.
Na kweli. Akaja kijana wa Mabela, gari linanguruma nje,
akataka nusu kilo ya vileja,
akaisogeza simu kama anayempima mtoto homa.
Ikalia: ti.
Riali mbili na baisa mia tano
zikapita mbele ya pua yangu
wala sikuhisi hata upepo.

Mie nimezoea pesa yenye harufu.
Sasa nina risiti, nazo hazina subira:
nilizisahau garini mwezi wa saba
nikazikuta nyeusi tii,
mauzo ya wiki nzima yameungua bila moto.

Tovuti pia akanitengenezea.
Picha ya sinia. Picha ya mkono wangu wenye hina.
Juu kabisa, kikufuli.
Nikamuuliza, na ufunguo?
Akacheka. Ufunguo ni neno. Chagua usilolisahau.
Nikachagua.

Wiki moja kabla ya Idi
wakaingia mtu na mkewe, wametoka Barka,
wamefuata maboksi yao kumi na moja.
Maboksi gani, bwana?
Akanionyesha simu.
Sinia langu. Mkono wangu.
Hata pete, ile iliyopinda upande wa jiwe.
Jina la duka langu pia, ila Mundhiri akalikuza kwa vidole viwili
tukaona: katikati ya *vileja*
ile l haikuwa l.
Ilikuwa moja, namba moja, imesimama wima
kwenye foleni ya herufi
kama mgeni aliyevaa kanzu ya kuazima.
Na kikufuli? Kipo.
Mwizi naye hufunga mlango
akishaingia.

Riali sitini na sita.
Bwana alinyamaza. Mkewe, Bi Ghaniya,
ndiye aliyesema, bila hasira:
Lakini tuliuona mkono wako.

Kumi na moja sikuwa nayo. Nilikuwa na matatu.
Nikawapa.
Mundhiri akaninong'oneza, hasara hii si yako.
Najua.
Lakini mkono ni wangu.

Usiku akakaa na kompyuta yake mezani pa unga.
Akapiga simu benki, akaandika malalamiko,
akatia kufuli la pili: namba sita zitakuja kwenye simu,
haambiwi mtu, hata anayejiita benki,
hata mwenye sauti ya asali.
Kisha akasema: neno la zamani, lisome tulifute.
Nikasita.
Lisome, Mama Mdogo.
Nikalisoma. Thuweiba, na mwaka aliozaliwa.

Mama yake.

Vidole vikabaki juu ya vitufe, havibonyezi.
Mwaka mzima, kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko,
nilikuwa namwandika dada yangu herufi kwa herufi
na kile kioo kikinijibu: karibu.

Jepesi mno, akasema mwishowe.
Mtu yeyote angelibuni.
Alisema polepole, si kwa sauti ya fundi.
Tukalifuta pamoja; yeye alibonyeza,
mie nilishika ukingo wa meza.

Neno jipya ni refu.
Lina namba, lina alama nisizozijua majina,
na ndani yake kuna kitu alichokuwa akikisema marehemu
kila unga ulipomwagika.
Mundhiri mwenyewe alinipa kisogo nilipoliandika.

Basi usiniulize.
Vileja, njoo. Angalia jina herufi kwa herufi,
gusa, ikilia ti chukua risiti yako
uisome kabla jua halijaisoma.
Neno sikwambii.