Doa la Bibo

Kichupa kimefika Nyangao kwa basi la usiku
ndani ya boksi la chanjo, barafu imeshakuwa maji.
Nakiinua kwenye mwanga: tone moja tu,
chozi lililosahau kudondoka.
Lebo inasema: kingamwili ya sungura.
Haisemi aliishi wapi,
wala kama alipenda majani ya viazi.

Damu yake ilifundishwa kitu kimoja,
kuitambua protini moja ya ubongo,
ile inayokaa juu ya vijifuko vidogo
vinavyobeba maneno ya neva hadi ukingoni
na kuyamwaga ng'ambo.
Mengine yote haiyajui. Hata mimi hainijui.

Nampunju wa jenereta kaniuliza bei ya tone hilo.
Nikamtajia.
Kanyamaza, kisha: "Magunia matatu ya korosho! Daraja la kwanza!"
Akaenda kuongeza dizeli bila kuombwa.

Nakata ubongo wa panya,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Naosha, nadondosha, nalala na wasiwasi.
Asubuhi rangi inapanda, hudhurungi,
doa la bibo kwenye kanzu ya Idi,
lile ambalo mama alisema
usisugue, mwanangu, unajichosha.

Slaidi ya pili ni ya panya aliyepewa sumu ya pepopunda.
Hapo pameupe.
Vijifuko vipo, vimejaa, vimepanga foleni mlangoni,
ila protini imekatwa na mlango haufunguki.
Neno lililomo ndani ni dogo tu: legea.
Halifiki.

Mdogo wangu aliishi siku nane, kule Mnero.
Kitovu kilikatwa kwa wembe wa kukatia kucha.
Siku ya sita akakataa titi,
mdomo ukakaza, mgongo ukapinda,
mtu akifunga mlango tu, anakakamaa.
Wakasema dege. Wakafukiza.
Bibi Akunaye alimshika miguu usiku kucha,
akimwambia kwa Kimwera lile lile neno,
legea, baba, legea,
naye hakuwa na pa kulipokelea.

Nimeandika daftarini: slaidi 2, hakuna rangi.
Mkono umeandika vizuri.
Ndipo nikagundua mabega yangu yapo masikioni,
tangu lini, sijui.
Nikayaambia.
Yakashuka, taratibu, kwanza la kushoto.

Nje, Nampunju anapiga kelele: umeme umerudi.