Jumanne Ambayo Haikutokea

Saa kumi na mbili kasoro, Njoro ina baridi ya Julai.
Nabandika kihisi kwenye nyumba ya beringi,
sumaku inashika chuma, ta!
kama ulimi unapogusa kaakaa.
Kinu namba tatu kinakoboa kahawa ya Kibosho,
maganda yanaruka, yananikalia kwenye nyusi.
Nangoja sekunde thelathini.
Nimejifunza kungoja bila kupumua sana.

Mei kilisema mbili nukta moja.
Juni, mbili nukta nne.
Leo nne nukta sita,
na kando ya kilele kikubwa, kile cha mzunguko wa shafti,
vimeota vilele vidogo visivyo ukoo nacho,
vimepangana kwa nafasi sawa
kama meno yanayosukuma ufizi
mama akidhani ni homa tu.

Fundi Kisaka akaja na bisibisi yake,
ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio,
macho kayafumba.
Miaka thelathini na moja amevisikiliza vinu hivi.
"Kizima," akasema. "Sauti ni ileile."
Sikubisha. Sikio lake nimeliona likikamata mengi.
Ila sikio hungoja kilio,
na mimi nimeajiriwa kusikia uso unapokunjana.

Bwana Makundi hakuinua kichwa.
"Kinatembea?"
"Kinatembea."
"Sasa?"
Nje malori yamefika hadi kona, mnada ni Alhamisi.
Nikamkumbusha ule wa ufa na ukuta.
"Ufa uko wapi?"
Nikamwekea grafu mezani.
"Huu ufa wa karatasi," akacheka, "uzibe kwa gundi."

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa.
Nne nukta tisa. Tano nukta tatu.
Siku ya tano akanipa saa nne za Jumapili,
wakati wa ibada, ili zisihesabike sana.

Kisaka aliivuta beringi bila neno,
akaiosha kwa dizeli ndani ya kopo la rangi,
akapindua ringi ya ndani, akaelekea mlangoni penye mwanga.
Inang'aa.
Nikahisi jasho, na baridi yote ile.
Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba
taratibu, kama mtu anayetafuta mwanzo wa selotepu,
na ukucha ukakwama.
Akarudisha. Ukakwama palepale.
Kishimo kadiri ya punje ya ufuta.
Hakuniambia kitu.
Alinipa kitambaa chake cha kufutia mikono,
kile kisafi, ambacho hampi mtu.

Ikaja Jumanne.
Shafti haikukatika.
Mkanda haukuchomoka ukapiga bati.
Ndeanasia, anayefagia chini ya kinu,
hakukimbia, hakupiga yowe, hakubebwa na mtu;
saa saba alikaa juu ya gunia akanywa mtori wake,
akalalamika kwamba chumvi imezidi.
Nilisimama nikamtazama mpaka akaniuliza,
"We dada, unadaiwa?"

Kwenye daftari la Bwana Makundi
saa zangu nne zimeandikwa kwa wino mwekundu: hasara.
Nimelipekua daftari lile kurasa zote.
Halina safu ya mambo ambayo hayakutokea.

Beringi nilikwenda nayo nyumbani, Pasua.
Mwanangu Elineema anaingiza ngumi katikati,
anazungusha ringi ya nje kwa mkono wa pili.
Bila grisi inakwenda kwa raha, inafoka kidogo.
"Mama, hii nzima kabisa. Kwa nini mliitoa?"
Nazima redio.
"Zungusha polepole," namwambia. "Zaidi ya hapo."
Anazungusha.
Mbwa wa jirani ananyamaza, jiko linachemka,
halafu, mahali pamoja tu katika duara zima,
tik.

Ananitazama.
Anazungusha tena.