Kwenye Swichi Kubwa

Nilikuja kwa ajili ya fyuzi. Lieleweke hilo kwanza.
Umeme wa kanisa la Makorora ulikuwa unakatika katikati ya mahubiri,
na Eufrasia Semkiwa, mtunza sakristia,
mwanamke asiyecheka na deni wala vumbi,
akaniita kutoka barabara ya kumi na mbili:
"Fundi Hozza, usiku wa leo kisiharibike kitu."

Nikafunga waya, nikakaza skrubu, nikapima. Sawa.
"Bado," akasema. "Utakaa hapa, kwenye swichi kubwa.
Saa mbili na nusu zima zote, hata ya bombani nje.
Ukisikia Utukufu, washa."
Nikacheka. Miaka kumi na tisa nalipwa kuleta mwanga;
leo mara ya kwanza nalipwa kuleta giza.

Nikazima.

Giza la kanisa si giza la mgao.
Giza la mgao lina matusi, lina watu wanaopapasa viberiti,
lina friji inayolia maji.
Hili lilikuwa limeketi.
Watu mia sita wakipumua, mtoto mmoja akikohoa,
na huko nje moto wa makumbi ya nazi ukitatarika.

Kisha mlangoni, ncha moja ya moto.
Moja tu. Ingekuwa taa nisingemuuzia mtu.
Sauti ikapanda bila spika: Mwanga wa Kristo.
Giza lote likajibu: Tumshukuru Mungu.
Hatua. Tena, juu kidogo.
Hatua. Tena.
Moto ukaanza kugawanyika bila kupungua,
na hapo ndipo nilipoishiwa hesabu.
Katika kazi yangu ukigawa, kinapungua;
kila tawi la waya hudai chake.
Bibi mmoja nisiyemjua alinipa mshumaa wenye kola ya karatasi,
akauinamisha wake juu ya wangu kama anayemnong'oneza mtu,
akapita.

Shemasi akaimba mbiu ndefu.
Sikushika yote. Nilishika nyuki.
Waliwataja nyuki! Usiku kama ule,
mbele ya Mungu na malaika na watu wa Makorora,
wakakumbukwa vibarua wa nta.
Mimi sijawahi kumsikia mtu akiishukuru nguzo,
wala aliyeipanda.

Ikasomwa habari ya bahari kupasuka,
na sisi wa Tanga tukasikiliza
kama watu wanaosimuliwa mambo ya jirani.
Nta ikanidondokea kidole gumba. Sikukitoa.

Ndipo kengele zikalipuka,
ile kubwa ya mnarani kwa kamba yake ya mkonge,
na zile ndogo za watumishi wa altare,
kwaya ikasimama na Utukufu, nami nikasimama nao
nikitazama nyuso, kila mmoja na moto wake chini ya kidevu,
hata Shekilindi, ninayemdai tangu Januari,
uso wake mpya kama ukuta uliopigwa chokaa,

"FUNDI! Swichi!"

Ubeti mzima waliuimba gizani kwa sababu yangu.
Nikapandisha. Taa zikaja zote,
na kwa mara ya kwanza tangu nijue kushika bisibisi
niliona kwamba nimepunguza kitu.

Padre aliniuliza baadaye, "Ulisinzia?"
Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Malipo nilipokea, elfu arobaini, nikasaini.
Jumapili iliyofuata nikarudi kuangalia fyuzi.
Na iliyofuata.
Eufrasia akaegemea ufagio:
"Hiyo fyuzi ina ugonjwa gani?"
Sikujibu. Akanisogezea daftari la wakatekumeni
na kalamu isiyo na kifuniko.

Nimeandika jina tu. Zaidi ya hapo usiniulize.
Lakini kwenye mpini wa testa yangu kuna tone la nta
lililoganda usiku ule. Nikipima nyumba za watu
kidole hulipitia.
Sijalikwangua.